UZI: Nina Gredi 6 ya piano, nikinyang'anywa karatasi sipigi kitu. Hawa wapiga kinanda wa kanisani wanawezaje?

Binti_wa_Nota #1
Habari zenu wakuu. Piano nimesoma tangu shule ya msingi, mitihani ya ABRSM (bodi ya Waingereza ya mitihani ya muziki) nimefika Gredi 6, skeli mikono miwili napiga, Bach zile nyepesi napiga, Clementi napiga. Sasa Jumapili iliyopita mpiga kinanda wetu hakutokea, wakaniita mimi maana "yule dada kasoma". Mama mmoja akaanzisha pambio kwenye ki (sauti ya msingi ya wimbo) anayoijua yeye na Mungu wake, kanisa likapokea, ngoma ikaingia, mimi mikono hewani. Kijana wa sauti ya pili akaniomba nimpishe. Huyo kijana hajakaa darasani hata siku moja, ukimwekea karatasi ya nota anaishika juu chini. Akagusa besi mbili tatu kimya kimya, akaipata, ubeti wa pili alikuwa anaweka na manjonjo.
Swali: huku kubuni papo hapo kunafundishika au mtu anazaliwa nako? Na kama kunafundishika naanzia wapi? Msiniambie "fanya mazoezi", mazoezi nafanya.

Kitimbi #2
Nimewahi kiti cha mbele. Karanga ziko wapi

BesiYaKushoto #3
Dada pole, imewakuta wengi. Mimi ni mpiga kinanda wa uamsho mwaka wa ngapi sijui, na nitakwambia bila kuficha, siri iko mkono wa kushoto. Nyie mliosoma mnaangalia melodi, sisi tunaisaka besi kwanza. Pambio likianza nagusa nota moja chini kabisa na sauti nimeipunguza, haikai, napanda nusu, haikai, napanda tena, ikikaa hiyo ndiyo do. Nikishapata do sina presha tena maana mapambio yetu mengi ni moja nne tano, yaani kodi (nota kadhaa kwa pamoja) za do, fa na so, likizidi sana linapitia sita. Mkono wa kulia unafuata baadaye na hata usipofuata ibada inaendelea. Na kingine, kanisani hakuna kusimama. Ukikosea watu hawakusubiri urudi mstari wa kwanza, wanakwenda na wewe unawafukuzia. Hiyo ndiyo shule.

Mwl_Doremi #4
Namuunga mkono #3 nusu. Besi sawa, lakini kijana aliijuaje kuwa "imekaa"? Kwa sababu kakulia kwenye kwaya ya solfa. Kwaya zetu kuanzia za Kilutheri mpaka za Kikatoliki na Kianglikana zimesomeshwa d r m f s l t, na kwenye solfa do inahama. Wimbo ukiwa G do ni G, ukiwa B bemoli (B iliyoshushwa nusu) do ni B bemoli. Kwa hiyo mtoto wa kwaya tangu ana miaka saba anasikia KAZI ya sauti, kwamba ti inataka kwenda do, kwamba fa inavutwa na mi. Mleta uzi yeye kafundishwa kuona kidoti kwenye mstari na kubonyeza kitufe, sikio halikuombwa ruhusa. Mwingereza John Curwen aliyebuni solfa karne ya 19 alikuwa na lengo hilohilo, watu wa kawaida waimbe bila kuogopa nota.

Mtafiti_Mlalahoi #5
Mwalimu, Curwen hakuibuni, aliichukua kwa Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, akaitengeneza na kuieneza. Mpe mama wa watu haki yake.

Mwl_Doremi #6
Mtafiti umeamka na mimi leo. Haya, Glover akapika, Curwen akapakua. Hoja inabaki palepale.

Jirani254 #7
Niaje wasee. Hapa Nairobi tuko na jibu fupi: transpozi. Unajua ki moja poa sana, mimi najua C, kisha hiyo kitufe inakubebea zingine. Mathe akianza kwa A bemoli nabonyeza mara nne chini na maisha inaendelea. Nimecheza harusi, matanga, ruracio, kesha, hakuna mtu amewahi kuniuliza niko ki gani.

Mwl_Doremi #8
Ndiyo nyie mnaoua fani. Siku ukikuta piano ya mbao utabonyeza wapi?

Jirani254 #9
Mwalimu piano ya mbao nimeiona kwa hoteli, na ilikuwa imefunikwa na kitambaa na maua juu.

Kitimbi #10
😂😂 Jirani hajaacha kitu

Ubongo_Nusu #11
Hebu tutoke kanisani kidogo. Kuna utafiti wa mwaka 2008 wa Charles Limb na Allen Braun kule Marekani. Walichukua wapiga piano sita wa jazi, wote wa kulipwa, wakawalaza ndani ya mashine ya MRI na kibodi ndogo isiyo na chuma (ukiweka chuma kwenye MRI ni balaa) halafu wakawaambia kwanza pigeni kitu mlichokariri, kisha pigeni mnachobuni. Wakati wa kubuni, sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya pembeni inayohusika na kujikagua na kujizuia, ilipunguza kazi, na sehemu ya katikati ikapanda. Yaani yule askari wa ndani anayekwambia "hapo utakosea" alikuwa ametulia. Sasa Binti_wa_Nota kafundishwa miaka yote na mitihani, kila nota kuna mtu na kalamu anasubiri. Askari wake hajawahi kupewa likizo. Tatizo lake si sikio wala besi, ni woga.

BesiYaKushoto #12
Mimi nimeona vijana wasio na woga hata chembe na wanapiga uchafu mtupu. Woga ukitoka kitu gani kinaingia?

Mtafiti_Mlalahoi #13
Swali la #12 ni zuri. Na tukumbuke ni watu sita tu na wote tayari mafundi. Askari wao alilala kwa sababu vidole vilishajua njia, au vidole vilijua njia kwa sababu askari alilala? Ile picha ya ubongo inakuonyesha kinachotokea kwa anayejua, haikuonyeshi alijuaje. Na wewe Ubongo_Nusu usiwauzie watu kwamba wakijiachia tu watakuwa Keith Jarrett, yule mpiga piano wa jazi.

Jazi_Posta #14
Afadhali umemtaja Jarrett. Yule jamaa mwaka 1985 alikaa Köln, Ujerumani, kwenye piano kali ya Bösendorfer akapiga zaidi ya saa nzima bila kupanga chochote, ikarekodiwa ikauza mamilioni. Hapo unaniambia nini kuhusu kufundishika? Ile ni zawadi tu.

Mtafiti_Mlalahoi #15
Jazi_Posta, ni Januari 24, 1975. Na piano haikuwa kali, hapo ndipo utamu wote ulipo. Aliahidiwa Bösendorfer kubwa, akakuta ndogo ya mazoezi, imetoka tuni, sauti za juu nyembamba, za chini hazina uzito, pedali zinagoma. Alitaka kuondoka. Mwandaaji alikuwa binti wa miaka 18, Vera Brandes, ndiye aliyembembeleza, mafundi wakaitengeneza kadiri walivyoweza, shoo ikaanza usiku sana baada ya opera kumalizika. Sikiliza rekodi yenyewe, anakaa katikati ya piano, mkono wa kushoto anazungusha kitu kilekile dakika nyingi mpaka kinageuka chenyewe. Ubovu wa chombo ulimchagulia njia.

Jazi_Posta #16
Mwaka si hoja, hoja ni kwamba hakuwa na karatasi.

Mtafiti_Mlalahoi #17
Na sasa karatasi ipo. Miaka ya 90 mwanzoni zilichapwa nota za konseti nzima, mwenyewe aliridhia kwa shingo upande na akasema rekodi ndiyo iwe na neno la mwisho. Kwa hiyo leo kuna watu kama mleta uzi wanaisoma kwenye karatasi, neno kwa neno, ile kitu iliyobuniwa.

Binti_wa_Nota #18
Mtafiti umenichoma na msumari wa moto, lakini asante 😅. Asanteni wote, nasoma kila posti. Swali dogo kwa #3, hiyo "imekaa" mimi nikiisikia naijua kabisa, nikiimba naimba vizuri tu, ila vidole haviendi. Hapo inakuwaje?

BukavuMoto #19
Mimi nitasema kama mtu wa Kongo, mnisamehe Kiswahili changu. Hapa kwetu kibodi anajifunza kwa gitaa. Wanaomba wee, kisha inaingia sebene, na sebene haina maneno, iko kuzunguka tu: kodi tatu, kodi ine, saa yote. Kijana anachukua kipande kimoja cha solo ya gitaa, kidogo tu, anakirudia mpaka mkono unachoka, kisha anabadilisha nota moja. Siku ingine anabadilisha mbili. Kile kipande kinazaa watoto. Hatuiti improvizasyo, tunaita kuchezea. Na mjue tena hii kitu ilitoka kwa piano zamani: sahani za muziki za Cuba, zile za mfululizo wa GV, zilifika Léopoldville (Kinshasa ya leo) miaka ya 30 na 40, wazee wakasikia piano inazunguka montuno (kipande kifupi cha kurudiarudia), piano hawana, wakaiweka kwa gitaa. Sasa watoto wanaitoa kwa gitaa wanairudisha kwa kibodi. Imefanya safari ndefu.

Jirani254 #20
Bukavu hapo umenifungua macho manze. Nilikuwa naona sebene ni ya gitaa tangu uumbaji.

MamaSoprano #21
Samahani naingilia. Hao vijana wenu wa kuchezea ndio wanaotumaliza sisi waimbaji. Nashusha pumzi nianze ubeti, yeye yuko juu huko anamwaga manyanga, kila nafasi lazima aijaze. Mchungaji anaomba kwa machozi, kinanda kinashindana naye. Kubuni ni pamoja na kunyamaza. Kwenye orodha zenu sijaona mtu kataja kunyamaza.

BesiYaKushoto #22
Mama hilo tumelipokea. Ila na nyie sauti ya kwanza mnapandisha ki katikati ya wimbo halafu mnatugeukia sisi na macho

MamaSoprano #23
Tunapandishwa na Roho.

Kitimbi #24
Roho anapandisha kwa nusu toni au toni nzima? Naulizia tu rafiki yangu

Forodhani_Jioni #25
Assalaam aleikum. Naona watu wa bara mnazungumza kama jambo hili limekuja na piano. Huku Unguja kupiga taksimu ni ada ya siku zote. Kabla ya wimbo wa taarabu mpiga kanuni au udi (ala za nyuzi) anapewa nafasi peke yake, hana ngoma, hana waimbaji, anaifungua maqamu, yaani ngazi ya sauti ya Kiarabu. Na haendi ovyo. Anaanza chini, anakaa kwenye sauti tatu nne tu mpaka msikilizaji azizoee, anapanda pole pole, anapita kwa jirani (ukiwa maqamu ya Rasti utachungulia ya Bayati), kisha anashuka anarudi nyumbani, na akifunga vizuri watu wanasema "Allah!". Kinachofundishwa ni njia, siyo nota. Pale DCMA, chuo cha muziki cha hapa Zanzibar, tangu 2002 wanafundisha vijana, wenye nota na wasio na nota wanakaa mkeka mmoja.
Kwa dada wa piano namshauri achukue maqamu ya Hijazi: D, E bemoli, F krosi (F iliyopandishwa nusu), G, A, B bemoli, C. Mkono wa kushoto ushike D tu, usifanye lolote jingine. Mkono wa kulia ukae D mpaka G muda mrefu, mpaka akinai, ndipo apande. Rasti na Bayati piano haiziwezi, zinataka sauti iliyo katikati ya E na E bemoli, na kitufe hicho kwenye piano hakipo. Kibodi za Kiarabu zinacho cha kushushia robo.

Ubongo_Nusu #26
Forodhani hiyo ya kukaa sauti nne mpaka ukinai ni ileile ya Jarrett kukaa katikati ya piano. Kumbe ukibanwa ndiyo unabuni.

Jazi_Posta #27
Basi kila anayepiga kibodi mbovu angekuwa bingwa. Mimi nasimama na zawadi. Mpiga piano wa jazi Erroll Garner hakujua nota mpaka anakufa, na alikuwa kipofu, akatunga wimbo wa Misty. Nani alimfundisha?

Mtafiti_Mlalahoi #28
Garner hakujua kusoma nota, kweli. Kipofu hakuwa. Unamchanganya na mwenzake Art Tatum ambaye jicho moja haoni kabisa na la pili kidogo sana. Na Tatum alijifunza kwa kuiga roli za piano (karatasi zenye matundu zinazoifanya piano ijipige yenyewe) na redio, sauti moja moja, kwa hiyo "nani alimfundisha" jibu ni roli. Halafu Herbie Hancock, naye wa jazi, umemweka wapi? Ana miaka 11 alipiga Mozart na okestra ya Chicago, karatasi mwanzo mwisho, baadaye akawa mmoja wa wabunifu wakubwa wa karne. Karatasi haikumuua.

Jazi_Posta #29
Hawa wote uliowataja ni wenye zawadi 😄 unanisaidia mwenyewe

Mzee_wa_Maktaba #30
Vijana, ugomvi wa karatasi na sikio ni wa juzi. Hao mnaowaita wa karatasi walikuwa wabunifu kuliko nyie. Mei 1747 Bach alifika Potsdam kwa mfalme Frederick wa Prussia, mfalme akampigia melodi moja ngumu akamwambia tengeneza fuga (sauti kadhaa zinazofukuzana kwa melodi ileile), mzee akakaa palepale akaitengeneza ya sauti tatu. Mozart na Beethoven watu walilipa kuwasikia wakibuni. Czerny, huyo mnayemchukia kwa mazoezi yake ya vidole, mwaka 1829 alitoa kitabu kizima cha kufundisha kubuni kwenye piano.
Na Napoli ndiyo kabisa. Zile konsavatori (shule za muziki) za mwanzo zilikuwa nyumba za kulelea yatima. Watoto hawakupewa muziki kamili, walipewa mstari wa besi mtupu, wanauita partimento, kila besi mtoto anajua mkono wa kulia uweke nini juu yake, anarudia mpaka inaingia damuni. Wametoka humo watunzi wa opera akina Paisiello na Cimarosa. Kwa hiyo BesiYaKushoto wa #3 wewe ni mwanafunzi wa Napoli na hujijui.

BesiYaKushoto #31
Mimi ni mwanafunzi wa Mbagala mzee wangu, ila nimekubali cheo

Binti_wa_Nota #32
Sasa mzee kama wote walikuwa wanabuni, ilikuwaje mimi nikafundishwa kama mpiga chapa? Mwalimu wangu wa kwanza nikiongeza nota yangu alikuwa ananipiga rula ya vidole, anasema mtunzi kashamaliza kazi.

Mzee_wa_Maktaba #33
Karne ya 19 ilivyoendelea watunzi wakageuzwa watakatifu na biashara ya vitabu vya nota ikakua. Nota zikawa msahafu. Hilo ndilo langu, wengine watakuja na lao.

Leipzig_Baridi #34
Nina lao. Haikufa yote. Mimi niko Ujerumani, naimba kwaya ya kanisa la Kilutheri, na mpiga ogani hapa kabla ya kila wimbo anabuni kitangulizi chake, hakuna karatasi. Wanaosomea muziki wa kanisa hapa wanafanyiwa mtihani wa kubuni, ni somo kamili. Kwa hiyo suala si karatasi wala usasa, suala ni kazi inakudai nini. Ibada inadai ujaze nafasi, basi watu wanajifunza. Mtihani wa Gredi unakudai vipande vitatu, basi unajua vipande vitatu.

Mwl_Doremi #35
Sawa kabisa, ila hao ABRSM mitihani yao ina sehemu ya sikio, na wana silabasi ya piano ya jazi ambayo ndani yake unabuni. Sema wengi huku hawaichukui.
Ngoja nimjibu dada #18 maana tumemzunguka. Unaimba vizuri, vidole haviendi. Basi viunganishe, ndiyo kazi pekee uliyobakiza. Chukua ki ya C. Kushoto besi peke yake: re, so, do, kila moja mapigo manne. Kulia vidole viwili tu. Kidole kimoja kinapiga fa, fa, mi. Kingine do, ti, ti. Piga pamoja polepole uone inavyoteleza, hakuna kidole kinachoruka, kila badiliko ni hatua moja. Hiyo ndiyo mbili-tano-moja ambayo watu wa jazi wanajifungia nayo vyumbani. Kodi nzima usiziwaze. Ikishatulia, imba kitu kifupi juu yake, chochote, nota tatu, halafu KABLA hujasahau kitafute kwa vidole. Kuimba kutangulie siku zote. Halafu hamia G, hamia F, hamia B bemoli. Bila transpozi, Jirani nimekuona.

Jirani254 #36
Sijasema kitu mwalimu!!

Ubongo_Nusu #37
Au aanze na vitufe vyeusi tu. Vitano kila oktava, ukichukua F krosi kuwa do una do re mi so la, haina fa haina ti, hakuna nota itakayogombana na mwenzake. Mikono yote miwili hapo hapo. Askari anakosa cha kukamata.

BukavuMoto #38
Hapana, hiyo ni ya watoto. Bila fa na ti hakuna kuvuta, na bila kuvuta unazunguka tu hufiki. Mwalimu kasema vizuri, fa inataka mi.

Forodhani_Jioni #39
Kufika ni haraka ya nini.

MamaSoprano #40
Mimi kaka yangu anapiga kinanda vizuri sana na hajafuata hata moja kati ya hizi. Alikuwa anapiga pamoja na redio, matangazo ya biashara, wimbo wa taarifa ya habari, mpaka milio ya simu za watu. Kila kinacholia yeye anakitafuta. Nyumbani tulimchoka.

Mtafiti_Mlalahoi #41
Huyo ni Tatum na roli zake.

Jazi_Posta #42
Huyo ni zawadi.

Binti_wa_Nota #43
Nimejaribu ile ya mwalimu ya fa fa mi. C imekubali, nimeimba nota tatu nikazipata, nimefurahi kama mtoto. G nayo imekuja. B bemoli vidole vimegoma kabisa. Na Hijazi ya Forodhani nimeipenda mno, mama kapita akauliza nani anaadhini humu ndani 😂. Ila bado sijajua Jumapili nikiitwa tena nifanyeje.

BesiYaKushoto #44
Kaa pembeni ya yule kijana. Usipige. Angalia mkono wake wa kushoto ibada nzima.

Mwl_Doremi #45
Aangalie? Asikilize!

Kitimbi #46
Wameanza tena. Wakuu kuna mtu ana kibodi ya mtumba, vitufe 61, hata kama adapta imekufa? Huu uzi umenitia wazimu

Jirani254 #47
Iko moja kwangu, kitufe cha D ya katikati kinakwama ukikibonyeza sana. Niliinunua ikiwa hivyo.

Forodhani_Jioni #48
Jirani, D inakwama na umepiga harusi zote hizo? Ulikuwa unapigia ki gani?

Jirani254 #49
Sijui bro, transpozi ilikuwa imewashwa.